Bastola ya kwanza ya kubeba kwa kificho: anza na kiuno na kiganja, risasi zije baadaye

Bastola yangu ya kwanza niliinunua kwa macho. Ilikuwa ndogo, inalala kiganjani kama simu, na muuzaji alipoitumbukiza kwenye mfuko wa suruali yangu pale pale kaunta, haikuonekana hata kidogo. Nikalipa. Siku ya kwanza kwenye uwanja wa shabaha nilikusudia kupiga risasi hamsini. Kufika ya thelathini ngozi kati ya gumba na kidole cha shahada ilikuwa imechubuka, nafumba macho kabla ya kila mlio, na karatasi iliyokuwa mita saba mbele yangu ilikuwa na matundu yaliyotawanyika kama mtama aliomwagiwa kuku. Nikairudisha kwenye boksi lake, ikakaa huko miezi. Nilikuwa mtu mwenye bastola ambaye haibebi na hajui kuipiga.

Nilianzia mwisho. Ukinisikiliza, mpangilio ni huu: sheria, kisha mahali bastola itakapokaa mwilini, kisha mkono wako, na hapo ndipo tuje kwenye risasi na majina ya watengenezaji.

Hatua ya 1: Sheria, na wewe mwenyewe

Kibali cha kumiliki silaha si lazima kiwe kibali cha kutembea nayo. Kuna nchi zinazoruhusu bastola nyumbani tu, kuna zinazotaja kwenye leseni aina ya silaha na kaliba yake (upana wa risasi), kuna zinazoweka kikomo cha risasi ndani ya magazini (kikasha cha risasi kinachoingia ndani ya mpini), na kuna zisizoruhusu raia kubeba kabisa. Uliza haya kabla hujaingia dukani, kwa sababu yanaweza kufuta nusu ya bastola unazozitamani. Uliza pia ni wapi huruhusiwi kuingia nayo, unaisafirishaje ndani ya gari, na unatakiwa kumwambia nini askari akikusimamisha. Kama sheria ya unapoishi hairuhusu, safari inaishia hapa.

Soma pia kifungu cha kujihami. Maneno hutofautiana, ila sehemu nyingi msingi unafanana: hatari kwa maisha iwe ipo sasa hivi, na nguvu unayotumia ilingane nayo. Mtu anayekimbia na simu yako hajahatarisha uhai wako.

Halafu jitazame. Mnywaji asibebe. Mtu wa hasira za haraka ajue kwamba bastola haimtulizi. Na kama nyumbani mna mtu aliyekata tamaa ya maisha, hata kama ni wewe, huu si wakati wa kuleta silaha. Subiri.

Hatua ya 2: Kanuni nne kabla ya kushika chochote

Kanuni hizi zilienezwa na Jeff Cooper, mwanajeshi wa zamani wa Marekani aliyeanzisha shule ya kufundisha upigaji bastola kule Arizona mwaka 1976. Kila bunduki ichukulie kuwa ina risasi. Mdomo wa mtutu usielekee kamwe kitu ambacho hauko tayari kukiharibu. Kidole kikae nje ya triga, yaani kifyatulio, hadi umeshalenga na umeshaamua. Jua shabaha yako ni nini na nyuma yake kuna nini.

Nazitaja mapema kwa sababu zinaongoza uchaguzi wenyewe. Kanuni ya tatu ndiyo itakayoamua holsta gani (ala ya kubebea bastola) ununue, na ya nne itaamua risasi gani.

Hatua ya 3: Itakaa wapi mwilini

Hapa ndipo watu wengi hupotea, maana hudhani kuficha bastola ni suala la mtutu mfupi. Mtutu unashuka ndani ya suruali na hauonwi na mtu. Kinachokusaliti ni mpini: ule urefu wa kwenda chini kutoka kwenye slaidi (sehemu ya juu inayokwenda mbele na nyuma), unaochomoza nyuma ya shati unapoinama kuokota kitu. Unene nao huchangia. Kwa hiyo bastola yenye mtutu mrefu kiasi na mpini mfupi hufichika vizuri kuliko yenye mtutu mfupi na mpini mrefu, japo machoni ya pili inaonekana ndogo.

Mahali panapotumika zaidi ni ndani ya mkanda wa suruali, ama nyuma kidogo ya nyonga ya mkono unaoutumia, ama mbele karibu na kitovu. Nyuma ya nyonga panafaa kwa aliyezoea kusimama na kutembea, lakini kwenye kiti cha gari pana usumbufu. Mbele ni rahisi kufikia na kulinda, ila mwenye tumbo atajua hajui, na mtutu unaelekea sehemu ambazo hakuna anayetaka kuzipoteza. Mfukoni hutoshea bastola ndogo tu, ndani ya holsta yake ya mfukoni, na mfuko huo usiwe na funguo wala sarafu. Kifundo cha mguu hukulazimu upige goti ili uifikie. Mkoba wa begani mimi siupendi: ukiporwa mkoba, umemkabidhi mporaji silaha, na ukiuweka sakafuni kwa mwenyeji wako, mtoto wa kwanza kuufungua hatakuwa anatafuta bastola. Asiye na njia nyingine achague mkoba wenye chumba cha pekee cha bastola, na asiuvue.

Jaribu hivi kabla ya kutoa hata senti. Kata kipande cha ubao chenye urefu wa sentimita 18, kimo cha 13 na unene wa 3. Hivyo ndivyo zilivyo, kwa kukadiria, bastola za ukubwa wa kati kama Glock 19. Kata kingine cha 15 kwa 11 kwa unene wa 2.5, huo ni ukubwa wa zile ndogo za kisasa kama SIG Sauer P365. Vaa kimoja kiunoni siku tatu, kisha kingine. Kaa kwenye kiti, panda ngazi, funga kamba za viatu, beba mtoto. Utagundua mambo ambayo kaunta ya duka haiwezi kukuambia: kwamba mkanda wako ni laini mno na suruali inashuka, kwamba unahitaji suruali pana kidogo kiunoni, au kwamba shati lako unalolipenda halifai. Ukumbuke ubao hauna uzito wa chuma. Glock 19 iliyojaa risasi ina karibu gramu 850.

Hatua ya 4: Kiganja

Dukani, toa magazini kwanza, vuta slaidi nyuma, tazama ndani ya chemba (tundu la nyuma ya mtutu ambamo risasi hukaa tayari kupigwa), kisha ingiza kidole uguse uone kwamba ni tupu. Fanya hivyo hata kama muuzaji amefanya mbele yako sekunde mbili zilizopita. Muuzaji mzuri hatakasirika.

Shika mpini juu kabisa, ule utando wa gumba ukae chini tu ya sehemu ya nyuma ya slaidi, bila kuigusa. Mtutu unyooke sambamba na mfupa wa mkono wako. Sasa, ukiwa umeelekeza upande salama, laza kidole kwenye triga. Iguswe na nyama ya ncha ya kidole, kati ya ncha na pingili ya kwanza. Ukilazimika kuizungusha bastola mkononi ili kidole kifike, mpini ni mnene kuliko mkono wako. Bastola nyingi za sasa huja na migongo ya mpini ya kubadilisha, basi omba ibadilishwe kabla hujakata tamaa. Angalia pia kama vidole vitatu vya chini vimepata pa kushika. Kidole cha mwisho kikining'inia hewani, bastola itaruka zaidi kila inapolia.

Halafu kukoki, yaani kuvuta slaidi nyuma na kuiachia ili risasi iingie chembani. Hapa ndipo wenye mikono midogo, wazee na wenye maumivu ya viungo huambiwa "chukua rivolva", ile yenye silinda ya risasi inayozunguka, bila hata kufundishwa. Nilimwona mama mmoja wa makamo akihangaika uwanjani: amenyoosha bastola mbele, anavuta slaidi kwa ncha za gumba na kidole cha shahada, haisogei. Mkufunzi akamwambia, "Mama, usivute. Ilete karibu na kifua, mdomo uelekee kule kule mbele. Sasa funika slaidi kwa kiganja kizima, na mkono wenye mpini ndio usukume mbele." Ikafunguka mara moja. Mama akacheka, akarudia mara tatu. Kazi iliyowashinda vidole viwili ilikuwa nyepesi kwa kifua na mabega.

Ukijaribu hivyo na bado ikawa nzito, kuna bastola zilizotengenezwa na springi laini kwa makusudi, kama Shield EZ ya Smith & Wesson iliyotoka mwaka 2018. Na ujue kwamba mara nyingi bastola ndogo ndiyo ngumu kukoki, kwa sababu slaidi fupi na nyepesi inahitaji springi kali zaidi kuizuia.

Hatua ya 5: Risasi

Mabishano ya kaliba hayajaisha tangu babu zetu. Nitakwenda mbio.

Milimita 9 iliyobuniwa na Georg Luger, ya tangu 1902, ndiyo inayopatikana kwa wingi na kwa bei nafuu miongoni mwa risasi za kujilinda. FBI, idara ya upelelezi ya Marekani, baada ya mapambano ya Miami ya mwaka 1986 yaliyoua maafisa wake wawili, iliiacha ikaenda kwenye milimita 10, kisha kwenye .40 (kaliba kwa inchi) iliyotoka mwaka 1990. Katikati ya miaka ya 2010 ikairudia. Sababu zake zinamhusu pia anayeanza: risasi za kisasa za milimita 9 hupenya na kupanuka vya kutosha, wapigaji wengi hulenga vizuri zaidi nazo, na magazini hubeba nyingi zaidi. Kipimo chao cha kupenya ni kati ya sentimita 30 na 46 za jeli inayofananishwa na mwili.

.380, kazi ya John Browning ya mwaka 1908, ni nyepesi zaidi na inamfaa mwenye mikono dhaifu, mradi bastola yenyewe isiwe ndogo kupita kiasi. .22 karibu haina teke (msukumo wa kurudi nyuma inapolia) na ni bora mno kwa kujifunzia, ila muundo wake wa kuwaka ukingoni mwa ganda huifanya ishindwe kulia mara nyingi kuliko nyingine. .45 itakupa risasi chache kwa ukubwa uleule.

Kwa kubeba, tumia zile zenye tundu kichwani. Hupanuka zikigonga na kupunguza uwezekano wa kutokea upande wa pili. Za mviringo zilizofunikwa shaba yote ni za mazoezi, maana zinaweza kumpita uliyemlenga na kumfikia asiyehusika. Ukuta wa mbao au jipsamu hauzuii yoyote kati ya hizo. Hapo kanuni ya nne inarudi.

Hatua ya 6: Rivolva au ya magazini

Imezoeleka kusema rivolva ni ya mwanagenzi kwa kuwa ni nyepesi kuelewa. Kuielewa, ndiyo. Kuipiga, hapana. Zile ndogo za kubebwa, kama Smith & Wesson 642, hubeba risasi tano za .38, zina vilengeo vidogo kama mkwaruzo, na triga yake inataka nguvu ya kilo tano hivi kila mara, kwenye silaha isiyofika hata nusu kilo. Jaribu kuvuta kilo tano kwa kidole kimoja bila kuiyumbisha nusu kilo. Aliyebobea hufanya. Faida zake ni za kweli: hulia hata ukiishika vibaya, na risasi moja ikigoma unavuta tena triga inakuja nyingine. Mimi ningemshauri anayeanza awe na hiyo kama ya pili, baada ya kujua kupiga.

Kwa bastola ya magazini utakutana na zenye sefti (kizuizi kinachoifanya isilie) ya kusukuma kwa gumba na zisizo nayo. Glock haina ya gumba. Usalama wake umo ndani na kwenye triga, ambayo inahitaji kama kilo mbili na nusu. Hizi hubebwa zikiwa na risasi kwenye chemba, na kinachokulinda ni holsta inayofunika triga yote pamoja na kidole chenye adabu. Ukiona moyo hautulii, chagua yenye sefti, lakini kila unapochomoa mazoezini uishushe, kila mara, hadi gumba lifanye lenyewe. Sefti uliyoisahau siku ya shida inafanya bastola iwe jiwe.

Kuna wanaobeba chemba ikiwa tupu, wakitarajia kukoki hapo hapo. Mwaka 1983 Dennis Tueller, sajenti wa polisi wa Salt Lake City, alionyesha kwamba mtu wa kawaida hukimbia futi 21, yaani mita 6.4, kwa sekunde moja na nusu hivi. Huo ndio muda ambao mtu aliyefunzwa huhitaji kuchomoa na kupiga, tena akiwa na mikono yote miwili huru. Anayeanza anaweza kubeba tupu wiki za kwanza nyumbani ili aizoee holsta. Kama mazoea ya kudumu, hapana.

Hatua ya 7: Ukubwa, na majina machache

Usianze na ndogo kabisa. Ningeambiwa neno hilo moja siku ile kaunta, ningeokoa fedha na ngozi ya kiganja. Uzito hunywa teke, na mpini mrefu hukupa pa kushika. Ruger LCP ya .380, ya mwaka 2008, ina kama gramu 270 bila risasi. Inafichika popote, na kuipiga ni adhabu.

Anzia ukubwa wa Glock 19, ambayo ipo tangu 1988 na hubeba risasi 15, au shuka ngazi moja. Ngazi hiyo imebadilika sana. Glock 43 ya 2015 ilibeba risasi sita kwenye magazini; P365 ilipotoka 2018 ikaingiza kumi kwenye umbo la karibu ukubwa huohuo, na washindani wakafuata: Hellcat ya Springfield mwaka 2019, Shield Plus ya Smith & Wesson mwaka 2021. Yoyote kati ya hizi inafaa kama imepita mtihani wa kiganja. Chagua iliyozagaa. Bastola ya ajabu isiyo na mwenzake mjini itakukosesha holsta, magazini na springi.

Hatua ya 8: Ipige kwanza

Kodisha uwanjani au omba kwa anayemiliki kihalali, na mkufunzi awepo. Vaa miwani na vizibo vya masikio, kwani mlio wa bastola huzidi desibeli 140, kiwango kinachoweza kuharibu usikivu kwa mara moja tu. Piga hamsini kwa kila bastola, kwa umbali wa mita tano hadi saba. Usijali kundi la kwanza. Tazama kundi la mwisho, ukiwa umeshachoka: matundu bado yamekaribiana, au yanashuka chini kushoto kwa sababu umeanza kuiogopa? Bastola inayokufanya utake magazini nyingine imekujibu.

Iliyotumika si mbaya. Angalia mifereji ndani ya mtutu, nyufa kwenye slaidi, vilengeo visivyocheza, na badilisha springi ya slaidi mara moja, hasa kwa ndogo ambazo springi zake huchoka mapema.

Hatua ya 9: Fedha iliyobaki

Ukimaliza fedha yote kwenye bastola, umenunua nusu. Panga pia holsta, mkanda mgumu, magazini mbili za ziada, risasi za mazoezi, mafunzo, na kasha la chuma lenye kufuli.

Holsta iwe ya plastiki ngumu au ngozi nene iliyofinyangwa kwa bastola hiyo hiyo, ifunike triga yote, na mdomo wake ubaki wazi bastola ikitoka. Ya kitambaa laini ya "saizi zote" itupe. Hatari kubwa haiko kwenye kuchomoa, iko kwenye kurudisha: pindo la shati au ile kamba ya kukazia jaketi inaingia pamoja na bastola, inanasa kwenye triga, nawe unasukuma. Kwa hiyo inua nguo juu kwa mkono mwingine, inamisha kichwa uone tundu la holsta, kidole kimenyooka pembeni, ndipo uirudishe polepole. Ikigoma, usilazimishe. Toa, tazama.

Hatua ya 10: Kabla hujatoka nayo

Ipige risasi mia mbili, zikiwemo angalau hamsini za aina utakayobeba, maana baadhi ya bastola huchagua. Tia namba magazini zako kwa kalamu ya wino. Ikikwama, andika ni ipi. Mara nyingi kosa ni la magazini moja. Na kabla ya kulaumu chuma, angalia kifundo cha mkono wako. Kikilegea, slaidi inakosa pa kuegemea na ganda hubaki limenasa limesimama juu.

Mazoezi ya nyumbani ni ya bure: bastola tupu iliyokaguliwa mara mbili, risasi zote ziko chumba kingine, unaelekea ukuta usiopitisha risasi, unavuta triga bila kilengeo cha mbele kutikisika. Dakika kumi. Ukimaliza, sema kwa sauti kwamba umemaliza, kwa sababu ajali nyingi hutokea kwenye ile "mara moja ya mwisho" baada ya risasi kurudishwa.

Isipokuwa kiunoni, iwe kwenye kasha lililofungwa. Si juu ya kabati, si chini ya mto, si kwenye gari. Watoto wanajua mahali pote unapodhani hawapajui.

Jambo la mwisho, dogo, ambalo mimi nililijua baada ya mwaka mzima. Ukiwa unatoa risasi chembani kila usiku na kuirudisha asubuhi, kichwa chake kinagongwa kila unapokoki na hatimaye kinazama ndani ya ganda. Risasi kama hiyo ikilia hutoa mgandamizo mkubwa kuliko ilivyokusudiwa. Isimamishe mezani kando ya mpya ya boksi lile lile. Ikiwa fupi, hata kwa unywele, itenge, usiipige.